Shajara ya Ushanga Mchungu: Vifaranga, Kwinini na Kemia ya Kumbukumbu

3 Februari 2024: Mpango

Klabu yetu ya sayansi hapa Morogoro ina hadubini moja, mizani mbili na wanafunzi 11 ambao hawaridhiki na jibu la "ndivyo kitabu kinavyosema". Mwezi uliopita mmoja wao, binti wa kidato cha tatu, aliuliza: "Mwalimu, mtu akijifunza kitu, kichwani kinaongezeka nini?" Nikasema sinapsi, yaani maungio ya seli za neva, nikachora ubaoni, kengele ikalia. Nilifika nyumbani nikijua kwamba nimempa neno, sijampa jibu.

Ndipo tukaamua kutumia vifaranga. Naandika kila hatua, na makosa yake, ili mwalimu mwingine akitaka kurudia asilipie tulichokwisha kulipia sisi.

Kifaranga wa siku moja hudonoa chochote kidogo kinachong'aa. Msogezee ushanga uliochovywa kwenye kitu kichungu: atadonoa, atatikisa kichwa, atafuta mdomo chini. Kesho yake mwonyeshe ushanga uleule ukiwa mkavu, atageuza uso. Somo zima ni sekunde 10. Ndiyo maana Steven Rose na wenzake wa Open University, Milton Keynes, Uingereza, walikaa na vifaranga miaka mingi. Tukio ni moja na saa yake inajulikana, kwa hiyo kila kinachobadilika ubongoni baada ya hapo unaweza kukihesabia dakika. Wao walichovya ushanga kwenye methili anthranileti, kimiminika chenye harufu ya zabibu ambacho ndege hawakipendi kabisa.

Yaliyoonekana huko, na kwa watafiti wengine, ni haya. Dakika za mwanzo ni za glutameti, kemikali ambayo seli moja ya neva humwagia nyingine, kwenye eneo la ubongo wa mbele linaloitwa IMM, hasa upande wa kushoto. Glutameti hushika vipokezi (sehemu za seli zinazopokea kemikali) vya aina ya NMDA. Vikizuiwa kwa dawa karibu na wakati wa somo, kesho yake kifaranga hudonoa kana kwamba hajawahi kuonja kitu. Baadaye seli huanza kutengeneza protini mpya za kuimarisha maungio yake. Kazi hiyo ikizuiwa, kifaranga atakumbuka kwa muda, kisha ndani ya saa moja hivi kumbukumbu inazimika. Marie Gibbs na Kim Ng, waliofanya kazi Australia, waligawa safari hiyo katika hatua tatu: kumbukumbu fupi hadi kama dakika 10, ya kati hadi kama dakika 50, na ya muda mrefu kuanzia saa 1 hivi.

Sisi hatuchomi sindano wala hatufungui kichwa cha mtu, kuku wala binadamu. Tuna vitu viwili tu vya kuchezea: ukali wa uchungu, na saa ya ukutani. Vinatosha kuanzia, kwa sababu inajulikana kwamba uchungu hafifu huacha kumbukumbu ya saa chache tu, na uchungu mkali huacha ya siku nzima au zaidi. Swali letu ni kama tunaweza kuiona tofauti hiyo kwenye boksi la biskuti.

Vifaa: maboksi 12 kutoka dukani (bure), shanga za rangi ya fedha na nyeupe, waya wa kufungia nondo wa kuzishikilia, balbu mbili za bruda (sehemu ya kuwapa vifaranga joto), maranda kutoka kwa fundi seremala.

10 Februari: Pilipili, na kicheko

Vifaranga 20 walikuja kwa basi kutoka Dar es Salaam, sh. 2,000 kila mmoja. Tukawapa maji ya glukosi, tukawaacha wapumzike saa mbili.

Wanafunzi walishakubaliana kwamba tutumie pilipili kichaa. Walikuwa wameitwanga na kuiloweka, na kijana aliyeitwanga alikuwa ameshajisugua jicho. Mimi sikuwazuia, na huo ndio uzembe wangu wa kwanza, maana sikusoma vizuri kabla. Ushanga ukachovywa, ukasogezwa. Kifaranga akadonoa. Akadonoa tena. Akaanza kuufuata ushanga ulipoondolewa, huku kijana wa jicho jekundu akimtazama kama mtu aliyesalitiwa.

Kuku hausikii ukali wa pilipili. Kinachotuunguza sisi ni kapsaisini, ambayo hushika kipokezi cha joto na maumivu kiitwacho TRPV1. Kuku naye ana kipokezi hicho, ila umbile lake ni tofauti kidogo na kapsaisini haishiki vizuri. Sven-Eric Jordt na David Julius walilionyesha hilo mwaka 2002 kwa kulinganisha kipokezi cha kuku na cha panya, na Julius alikuja kupata Nobeli ya tiba mwaka 2021 kwa kazi yake juu ya vipokezi hivi. Kwa mpilipili ni biashara nzuri: ndege anakula tunda na kusambaza mbegu nzima, wakati panya anayezitafuna anafukuzwa na moto.

Hasara ya siku: vifaranga hakuna, jicho moja. Faida: somo la vipokezi ambalo sikulipanga.

11 na 12 Februari: Shubiri

"Mwalimu, tutumie shubiri. Si tunasema chungu kama shubiri?" Hoja ilikuwa nzuri. Tukakata jani, tukakinga ule utomvu wa njano unaotoka karibu na ganda, tukauchovya ushanga.

Vifaranga 8 walipewa. Saba walidonoa, na watano kati yao wakatikisa kichwa kwa nguvu. Tukashangilia. Kesho yake tukawasogezea ushanga, wote saba wakaudonoa bila wasiwasi.

Ilituchukua mchana mzima kuona kosa. Utomvu ulikuwa umekauka juu ya ushanga ukawa kahawia. Walichodonoa siku ya kwanza kilikuwa kitu cha kahawia chenye kunata. Walichoonyeshwa siku ya pili kilikuwa kitu cha fedha kinachong'aa. Kwa kifaranga hivyo ni vitu viwili visivyojuana. Tulipomletea mmoja ushanga uliobaki na utomvu wake, akarudi nyuma hatua mbili. Alikuwa amejifunza barabara, sisi ndio tuliomuuliza swali jingine.

Kumbuka hili kama unarudia: kilichochovywa na kilichokauka lazima vifanane kwa macho.

Kosa la pili la kundi hili ni umri. Walipotufikia walikuwa wameshamaliza siku nzima njiani na wameshakula stata, chakula cha vifaranga wadogo. Kifaranga anapoanguliwa bado ana akiba ya kiini tumboni na anadonoa kwa udadisi tu. Akishazoea stata anakuwa na mahali pake pa kwenda, na ushanga wako unashindana na chakula. Kuanzia hapa tunaangulisha wenyewe.

17 Februari

Trei moja ya mayai ya kienyeji (30, kila moja sh. 600) imeingia kwenye mashine ya kutotolesha ya mama jirani. Anatoza sh. 200 kwa yai. Nilipomweleza kazi yenyewe alinyamaza kidogo, akasema, "Haya mwalimu, ilimradi hamuwachinji."

9 na 10 Machi: Kundi la pili, mwarobaini na ndoo ya bluu

Wameanguliwa 19. Tulitumia maji ya majani ya mwarobaini yaliyochemshwa na kuchujwa mara mbili kwa kitambaa hadi yakawa karibu meupe, kwa hiyo safari hii ushanga haukubadilika rangi.

Uchungu ulikuwa hafifu. Kuku ana jeni 3 tu za vipokezi vya uchungu, binadamu ana takriban 25, kwa hiyo kinachokukunja uso wewe si lazima kimguse yeye. Kati ya 10 waliopewa, wanne tu ndio waliotikisa kichwa. Lakini hasara kubwa haikutoka kwenye mwarobaini. Ilitoka kwetu, mara tatu.

Kwanza, tulimjaribu kila kifaranga peke yake. Kifaranga akiwa peke yake hulia kwa sauti ile kali ya kumwita mama, anasimama wima, hadonoi kitu. Tulimwandika "ameukwepa ushanga". Ni binti aliyeuliza swali la mwanzo aliyeshtuka: "Mwalimu, huyu haukwepi, huyu anaogopa." Tukarudi kwenye maandishi ya watafiti, na kumbe wao huwaweka wawili wawili. Tulipofanya hivyo kelele zikaisha, na vifaranga watano kati ya sita tuliokuwa tumewaandika "wameukwepa" wakadonoa. Daftari la asubuhi nzima likafutwa.

Pili, tuliwawekea alama za maka kichwani, nyekundu na kijani. Wenzao wakaanza kudonoa alama. Mmoja alichubuka. Sasa namba inaandikwa kwenye boksi, na kila boksi lina wawili, mmoja wa kulia na mmoja wa kushoto, waliotenganishwa na waya wa chujio ili waonane bila kuchanganyikana.

Tatu, na hili ndilo lenye elimu zaidi, tulimpima kifaranga yuleyule baada ya dakika 10, kisha saa 1, kisha kesho yake. Tulitaka kuchora mchoro mzuri wa kumbukumbu inavyopungua. Mchoro ukashuka vizuri kabisa, nikaupiga picha. Usiku nikiwa kitandani nikagundua kwamba ni uongo. Kila tulipomwonyesha ushanga mkavu na asionje uchungu, tulikuwa tunampa somo jipya: huu hauna shida tena. Mchoro ulikuwa unaonyesha sisi tukimfuta somo, si yeye akisahau. Kuanzia kundi la tatu kila kifaranga anapimwa mara moja tu, basi.

Nje ya mpango: ndoo ya bluu ya maji ilikuwa karibu na boksi namba 4 tangu saa za mwanzo. Jioni mwanafunzi alipoibeba kwenda kuijaza, vifaranga wawili waliruka ukingo wa boksi wakaifuata uani, mmoja nyuma ya mwingine, hadi bombani. Ndoo ilipotua wakalala ubavuni pake. Kifaranga hukishika kitu anachokiona mwanzoni mwa maisha kana kwamba ndiye mama yake. Konrad Lorenz, mtafiti wa tabia za wanyama, alilifanya jambo hili lijulikane kwa bata bukini waliomfuata yeye. Gabriel Horn na Patrick Bateson wa Cambridge walilifuatilia hadi ndani ya ubongo wa kifaranga na kufika kwenye IMM ileile ya ushanga. Na mwaka 2012 watafiti wa Japani walionyesha kwamba dirisha la kujifunza huko hufunguliwa na homoni ya thairoidi, tezi ya shingoni: kifaranga anapoanza kumfuata "mama", homoni hiyo huongezeka ubongoni, na ukimpa homoni hiyo kifaranga ambaye dirisha lake limeshafungwa, linafunguka tena. Mwanafunzi mmoja aliuliza kama ipo ya hisabati.

13 Machi

Pamoja na mama jirani tumekagua mayai yaliyobaki bila kuanguliwa: 11, mengi hayakuwa na mbegu. Tumebadilisha mwuzaji. Trei ya kundi la tatu itaingia tarehe 16.

30 Machi: Kwinini

Tunahitaji kitu kichungu kweli, kisicho na rangi, na kinachojulikana kumgusa kuku. Kwinini inatimiza yote matatu, ila siku hizi malaria inatibiwa kwa dawa mseto na famasi mbili za kwanza hazikuwa nayo. Ya tatu ilitaka cheti. Mganga wa zahanati aliniandikia vidonge 8 baada ya kucheka, akisema hajawahi kumwandikia kuku kwinini. Sh. 4,000.

Vidonge vilikuwa na ganda la sukari. Tumeliosha kwanza, la sivyo kifaranga angeanza na utamu. Unga wenyewe hauyeyuki vizuri kwenye maji na uliacha ukungu mweupe juu ya ushanga, yaani kosa la shubiri likirudi kwa nguo nyingine. Safari hii tulilikamata kabla. Matone machache ya maji ya ndimu yaliyochujwa yaliuyeyusha, ushanga ukakauka ukiwa unang'aa vilevile. Lakini sasa kuna ukali wa ndimu, kwa hiyo kundi la kulinganisha nalo lazima lipewe ndimu ileile bila kwinini.

Wanafunzi walitaka kuonja. Wanne walikuwa wamefunga, wakabaki kuwatazama wenzao wakikimbilia bomba. Ni tone moja kwenye ncha ya kijiti, kisha unatema. Zaidi ya hapo sikuruhusu, ni dawa.

6 hadi 8 Aprili: Kundi la tatu

Wameanguliwa 25, tumetumia 24. Makundi matatu ya 8: kwinini kali, kwinini iliyozimuliwa mara 10, na ndimu tupu. Anayeshika ushanga hajui boksi lipi ni la nani, orodha ninayo mimi mfukoni.

Kwanza ushanga mkavu mara mbili ili wazoee kudonoa, kisha ushanga wa somo kwa sekunde 10. Kundi kali lote nane walitikisa kichwa. Mmoja wao naweza kumchora nikiwa nimefumba macho: alidonoa, akasimama kimya kama anayekumbuka jambo, akapanua mdomo, kisha akaufuta kwenye maranda, kushoto, kulia, kushoto, mara saba, akamaliza kwa kutazama ushanga kwa jicho moja. Kundi hafifu lilitikisa kichwa mara moja na kuendelea na maisha.

Usiku ule umeme ulikatika. Mvua za masika zilikuwa zinanyesha kweli kweli, na mimi nilikuwa nimelala. Saa 9 usiku nikaamshwa na kelele zao: balbu zimezimika, bruda imepoa, wamejikusanya pembeni wanalia. Tukawasha jiko la mkaa tukaliweka ndani ya ndoo ya bati, hadi saa 11 joto likarudi. Kifaranga mmoja wa kundi la ndimu alikufa.

Kipimo cha saa 24 tulikifanya kama kilivyopangwa. Ndimu: 1 kati ya 7 hakudonoa. Kali: 6 kati ya 8 hawakudonoa. Hafifu: 5 kati ya 8 hawakudonoa.

Hiyo ya tatu ilinikalisha. Kwa kila tulichosoma, kundi hafifu lilipaswa kuwa limesahau. Nikakumbuka usiku ule. Carmen Sandi na Rose walitoa mwaka 1994 kazi inayoonyesha kwamba kifaranga aliyepewa somo hafifu, akipewa kotikosteroni, homoni ambayo mwili wa ndege humwaga anapopata msukosuko, kumbukumbu yake inadumu kama ya somo kali. Ikizidi kiasi, faida inapotea. Na somo kali lenyewe huipandisha homoni hiyo damuni. Gibbs naye alionyesha jambo la namna hiyo kwa noradrenalini, kemikali nyingine ya msukosuko: ikiingizwa ubongoni baada ya somo hafifu, kumbukumbu iliyokuwa inakwenda kufa inabaki. Yaani ubongo wa kifaranga hautunzi kila kitu kilichoonjwa. Unatunza kile ambacho mwili umeshtuka nacho, na mshtuko huo ni kemia.

Nikawaeleza wanafunzi kwa furaha iliyopitiliza: umeme umetufanyia jaribio! Baridi, hofu, homoni, kumbukumbu. Nilichora mishale ubaoni. Tatizo ni kwamba giza liliingia zaidi ya saa 12 baada ya somo, na katika kazi hizo homoni ilitolewa karibu na somo. Nililiona hilo wakati nachora mshale wa tatu, nikaendelea kuchora. Naliandika hapa kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

4 hadi 6 Mei: Kundi la nne

Mayai ya 13 Aprili yametoa vifaranga 24 sawasawa. Safari hii somo ni hafifu kwa wote. Nusu (12) waliachwa na wenzao kwa utulivu. Nusu waliondolewa mmoja mmoja mara tu baada ya somo, wakakaa peke yao dakika 10 kwenye boksi lenye joto, kisha wakarudishwa. Upweke kwa kifaranga ni msukosuko wa kutosha, hilo tulilijua tangu Machi, na hauumizi. Jenereta ya jirani imekodiwa kwa soda mbili.

Binti yetu wa swali la kwanza akaongeza kitu kimoja ambacho sikukifikiria. "Mwalimu, tukishampima kwa ushanga wa fedha, tumpime hapohapo na mweupe." Nikamuuliza kwa nini. "Ili tujue kama anakataa ule mchungu au anakataa kila kitu." Maandishi ya watafiti yanaeleza jambo hilo waziwazi, kwamba kifaranga anayekumbuka hukataa ushanga wa rangi ya somo na kudonoa wa rangi nyingine. Nilikuwa nimelisoma mwezi wa pili na kulipita.

Kipimo cha saa 24, ushanga wa fedha. Waliotulia: 3 kati ya 12 hawakudonoa. Waliotengwa: 7 kati ya 12 hawakudonoa. Kabla ushanga mweupe haujaletwa, kuna mtu alishapiga kigelegele.

Ushanga mweupe: kati ya wale 3 watulivu, wote walidonoa. Kati ya wale 7 waliotengwa, wanne waliukataa na mweupe pia. Walikuwa wamejikunja, wazito, hawana hamu na chochote. Kwa hiyo waliobaki ambao tunaweza kusema wanakumbuka ni 3 kwa 3. Tofauti yetu imeyeyuka kama ganda la sukari.

Kudonoa na kutodonoa kumetudanganya tangu Februari. Kwenye shubiri tulidhani amesahau kumbe ameona kitu kingine. Kwenye mwarobaini tulidhani amekwepa kumbe analia. Na sasa lazima nirudi kwenye daftari la Aprili na kuandika kwa wino mwekundu pembeni: kundi la tatu halikupimwa kwa ushanga mweupe. Wale watano wa kundi hafifu huenda walikumbuka. Huenda pia walikuwa wamechoka kwa baridi ya usiku. Hawa waliotengwa nao inawezekana dakika 10 zilizidi kiasi kile kinachosaidia. Kwa vifaranga 12 siwezi kuamua, na atakayenukuu shajara hii anukuu na wino mwekundu.

Kinachosimama kwa uhakika wetu mdogo ni tofauti ya kali na ndimu: 6 kati ya 8 dhidi ya 1 kati ya 7. Nayo bado inadai ushanga mweupe.

11 Mei: Hesabu

Vifaranga wa basi sh. 40,000 na bodaboda 3,000. Mayai 90 sh. 54,000, mashine 18,000. Shanga na waya 3,500. Kwinini 4,000. Balbu 5,000. Stata kilo 25 sh. 37,500. Chanjo za kideri na gumboro 10,000. Jumla sh. 175,000, bila kuhesabu soda za jenereta.

Kati ya vifaranga 88 waliopita mikononi mwetu wamekufa 7: mmoja wa usiku wa Aprili, wengine wa kawaida wa bruda. Tumeuza 30 wa wiki tano kwa sh. 4,000, sh. 120,000 imerudi. Waliobaki wako kwenye banda la shule na majumbani kwa wanafunzi. Wawili wa ndoo ya bluu hatukuwauza, kwa sababu ambazo sitazieleza kwa mhasibu.

Ukitaka kuanza bila kupitia tulikopita: angulisha mwenyewe, usiwape stata kabla ya somo, wawili wawili kwenye boksi, kwinini na ndimu, kundi la ndimu tupu, kila kifaranga apimwe siku moja tu, na ushanga wa rangi ya pili utumike kila mara. Bajeti ya kundi moja la 24 ni kama sh. 45,000, na inapungua ukiwauza.

18 Mei

Trei ya kundi la tano imeingia kwenye mashine leo. Makundi ni mawili tu, kali na ndimu, fedha na nyeupe kwa wote, na nusu ya kila kundi rangi zitabadilishana, mchungu uwe mweupe. Orodha safari hii hatunzi mwalimu, anatunza binti wa kidato cha tatu. Wataanguliwa tarehe 8 Juni, siku ambayo shule itakuwa imefunga, na tayari wanafunzi 9 kati ya 11 wameandika majina kwamba watakuja.